Kikohozi Kisicho na Makohozi

Kunegunda alikuwa amekwisha kuvuka lango la ghala la tumbaku, kitambaa kimemfunika pua, kikohozi kilipomshinda. Njia nzima kutoka nyumbani kwake Bombambili alikuwa akifyonza kipande cha tangawizi na kumeza mate kila koo lilipomwasha. Sasa, mbele ya msimamizi, kikatoka chote kwa mkupuo, kikavu, kinamkwaruza mpaka kifuani.

"Mama Saimon, bado tu?" Rupert aliuliza.

"Mafua yenyewe yalishapona, kaka Rupert. Kimebaki hiki tu."

"Mafua gani hayaishi? Bosi amesema hataki kifua kikuu humu ndani. Nenda kapime. Usiporudi na cheti, kibarua kimeota nyasi."

Enzi za ushirika, Rupert alikula naye ugali kwa dagaa wa Nyasa kwenye sufuria moja, na mtu akiugua nafasi yake ilimngoja. Lakini ushirika ulifilisika, ghala likakodishwa kwa mwekezaji, na kila asubuhi nje ya uzio lilikaa kundi la wanawake wakisubiri mmoja wa ndani atolewe. Rupert hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba hata kazi yake yeye ina watu wanaoingoja.

Katika kituo cha afya benchi lilikuwa limejaa. Kunegunda alipokohoa, mama aliyeketi karibu naye alimhamishia mtoto wake goti la pili, kisha akahama mwenyewe. Kunegunda alielewa. Mumewe alikuwa amefariki baada ya kuugua muda mrefu, na siku hizo mjane akikohoa, mtaa mzima ulinong'ona kwamba na yeye amekanyaga miwaya, ameukwaa UKIMWI. Alitazama sakafu mpaka alipoitwa.

Tabibu Leodegari alimsikiliza kifua mbele na nyuma.

"Homa unapata? Jasho usiku? Umekonda?"

"Hapana, daktari. Chakula nakula kikiwepo."

"Damu?"

"Hata makohozi hayatoki. Ni kukauka tu na kuwasha."

"Basi kifua chako ni kisafi, mama. Mafua yameondoka, koo limebaki na mchubuko. Kikohozi cha namna hii huchukua wiki kadhaa, kisha huondoka chenyewe. Kunywa maji ya uvuguvugu, lamba asali ukipata. Na ukae mbali na moshi na vumbi."

Kunegunda alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Mimi nachambua tumbaku, daktari. Niandikie tu kwamba sina kifua kikuu."

Leodegari alikuna kichwa. "Hilo siwezi kuliandika bila maabara kuona makohozi. Picha ya kifua, mashine imekufa."

Akampa kikopo. Kunegunda alikwenda nyuma ya jengo, akainama, akakohoa kwa makusudi mpaka mbavu zikamuuma na kichwa kikazunguka. Kikopo kilipata mate tu. Dada wa maabara, Dorine, alikiinua kwenye mwanga na kumrudishia.

"Haya ni mate, mama. Siyapokei."

"Makohozi sina, dada. Ndiyo maana nasema siumwi."

"Bila makohozi hakuna majibu. Jaribu tena kesho asubuhi, kabla hujapiga mswaki."

Alirudi ghalani jua likiwa utosini, mikono mitupu. Alimweleza Rupert yote, hata habari ya mate. Rupert alitazama kule ofisini kwa bosi, akashusha sauti.

"Ingia. Kesho ulete majibu. Lakini leo nisikusikie. Umenielewa?"

Kunegunda akakaa mahali pake kando ya Aurelia, rafiki yake tangu ushirika. Walichambua majani, marefu huku, yaliyopasuka kule, na vumbi la kahawia likaelea juu ya vichwa vyao kama kawaida. Koo lilipoanza kuwasha alibana pumzi, akauma pindo la kanga. Machozi yalimtoka lakini mdomo haukufunguka. Saa zikaenda. Alianza kuamini kwamba siku itakwisha.

Mara Aurelia akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kifupi tu, cha vumbi, kama walivyokohoa wote miaka yote. Lakini bosi alikuwa amesimama mlangoni na Rupert. Mikono ikasimama juu ya majani. Wote wakamtazama Kunegunda.

"Ni yule uliyemtuma kupima?" bosi aliuliza.

Rupert akajibu, "Ndiye, bosi."

Kunegunda akamgeukia Aurelia. Aurelia alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinalainisha jani lilelile, tena na tena. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana.

"Si mimi," Kunegunda alisema. Alitaka kuendelea, ila kufungua mdomo tu kulitosha. Kikohozi alichokibana tangu mchana kikamkamata, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa meza.

Hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Rupert alimsindikiza mpaka langoni. Njiani alijaribu kusema, "Ukipona, Mama Saimon..." akaiacha sentensi hapo.

Nje ya uzio Kunegunda alisimama, akakohoa. Hakuziba mdomo, wala hakugeuka pembeni. Alikohoa kwa nguvu zake zote, akitazama ghalani, mpaka koo lilipotosheka. Wanawake waliokuwa wakingoja walirudi nyuma kumpisha apite, kisha wakasogea langoni.