Saa ya Kulegeza Mwili

"We Mama Damiano, huyu kijana iko napumzika, ao muko munamupimia sanda? Nilete futi?"

Ndivyo Amisa, fundi cherehani wa jirani pale Muyinga, alivyomuuliza Josefina siku moja akichungulia uani. Akacheka peke yake. Damiano alikuwa chali juu ya mkeka, macho kayafumba. Alikaza nyayo mpaka mishipa ikamtoka, akaziachia. Akapanda hivyo hivyo mapajani, tumboni, mabegani, hadi taya. Mwisho akalegea kama nguo iliyoloa.

"Damiano!" mama akaita.

"Naam, mama."

"Basi tu."

Akaanza upya nyayoni. Elikana, kocha wake wa mbio kule Gitega, alikuwa amemwambia vilima amekwisha kupanda vya kutosha. Sasa kila mchana alale robo saa, alegeze mwili. "Mwili ukibaki umekaza hauzoei mateso. Unavunjika tu." Lakini kila mchana mama alimwita mara tatu, mara nne, naye hakuwa mtoto wa kumkemea mama.

Kastori, marehemu mume wa Josefina, siku moja alirudi saa sita kutoka shamba la Gasorwe, akasema amechoka, akajinyoosha. Josefina akawanyamazisha watoto, baba apumzike. Wakanyamaza mpaka saa tisa. Alipokwenda kumwamsha ale, mwili ulikwisha poa. Tangu hapo, alalaye mchana nyumbani kwake huitwa. Mungu amsamehe, Josefina hauamini ukimya.

Siku ya kuchagua timu ya taifa ya vijana alimfuata mwanawe Gitega. Mita elfu moja na mia tano: mchujo asubuhi, fainali saa tisa. Mwakani Damiano angekuwa amepita umri wa vijana. Asubuhi alipenya, wa mwisho katika waliopita, akaingia chumba cha kubadilishia nguo akichechemea, mapaja magumu kama mbao. Elikana akamlaza.

"Mama, keti pale."

Akaketi, rozari mkononi. Nyayo zikaachia. Mapaja yakaanza kuachia. Josefina akawa hakioni kifua kikipanda.

"Damiano!"

Mwili wote ukashtuka, mapaja yakajifunga tena. "Naam, mama."

Elikana akachuchumaa mbele ya Josefina, sauti chini. "Mama yangu, huyu hapumziki. Analala akingoja kuitwa."

"Baba yake alilala hivi hivi, mwanangu."

"Najua, Damiano aliniambia. Lakini akikimbia na mapaja yale, hata mzunguko wa pili hafiki."

"Nikinyamaza, nani atajua kama yupo?"

"Mimi. Nitaitazama pumzi yake moja moja."

"Hutageuka hata kidogo?"

"Hata nzi akinitua jichoni."

Josefina alimtazama mwanawe. Midomo ikafunguka yenyewe. Ndipo akaona vidole vya miguu ya Damiano: vilikwisha kukaza, na yeye hajasema kitu. Akafunga kinywa. Akainuka taratibu, akakaza kitenge kiunoni, akafungua mlango na kutoka.