Kopo la Verlyn

Kila Oktoba, kabla theluji ya kwanza haijaanguka Dakota Kaskazini, Ardis hukagua sanduku la dharura kwenye buti la gari. Humo mna blanketi, chokoleti, na kopo la kahawa lenye mshumaa na kiberiti, la kuyeyushia theluji upate maji ya kunywa ukikwama njiani.

Safari hii alifungua kopo, akarudisha uso nyuma. Kiberiti kilikuwa kinaelea kwenye mate meusi ya tumbaku. Blanketi lilinuka shombo na kuganda magamba ya samaki. Chokoleti zilikuwa makaratasi matupu, yamekunjwa vizuri ili yaonekane yamejaa.

"Verlyn! Mwanamume mzima huna haya?"

Mumewe alicheka. "Mke wangu, miaka thelathini hatujakwama hata siku moja. Nilipokwenda kuvua samaki na gari lako, kopo lilikuwa karibu, nikatemea humo."

"Mchafu mkubwa we! Hata nguruwe afadhali."

Ardis alitayarisha sanduku jipya la gari lake. La zamani hakuliosha. Alimwaga mate tu, akatupia humo kiberiti kikavu, kisha akalisukumia kwenye pikapu ya mumewe.

Januari dhoruba ya theluji ilimfukia Verlyn ndani ya pikapu barabarani kutwa nzima. Aliporudi, shombo lilitangulia kuingia. Ardis akaziba pua.

"Blanketi ulijifunika?"

"Nilijifunika."

"Na maji ya kunywa uliyeyushia wapi?"

 Verlyn aligeukia nje, akatema, akatema tena.