Mita Inayojisoma

Mtoto aliyelelewa kwa povu la sabuni hawezi kusahau maji. Ndivyo majirani walivyokuwa wakisema, na waliyemsema ni mtoto wa Mama Povu.

Mama Povu alikuwa dobi. Tangu mumewe afariki alifua mashuka ya watu mpaka vidole vikapinda kama ndoana, na kwa mashuka hayo akamsomesha mwanawe wa pekee hadi akawa mtu wa ofisini, huko mji wa mbali. Utoto wa kijana huyo ulipita kando ya beseni. Mama akikamua upande huu, mtoto kashika ncha ya upande ule, na vitendawili vinakwenda na kurudi juu ya shuka.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nampiga haumii, namkata hana kovu."

Mtoto atakuna kichwa weee, mwisho aseme, "Nimeshindwa."

"Haya, nipe mji."

Na kila siku alimpa mji uleule, mkubwa kuliko yote aliyoisikia redioni. "Nimekupa huo, mama. Pamoja na maghorofa yake." Basi mama atauingia mji wake, atakula, atakunywa, atatandikiwa godoro nene, na akishashiba sifa ndipo anatoa jibu: maji.

Miaka ikaenda. Mtoto akaufuata mji kweli, na simu zake zikawa kama mvua ya kiangazi. Bili ya maji ya mama ndiyo pekee aliyoilipa, nayo hailipi kwa mkono, inakatwa yenyewe kwenye mshahara wake.

Ndipo idara ya maji ilipoamua kubadilisha mita. Msoma Mita, yule yule aliyekuwa akija kila mwezi kuchutama ukutani na tochi yake, safari hii alikuja na spana.

"Hii inajisoma yenyewe, mama," alisema. "Inarusha hesabu hewani mpaka ofisini. Na mwanao ndiye mwenye akaunti, ataiona kwenye simu yake huko huko aliko."

"Basi imenishinda elimu. Na wewe utasoma nini sasa?"

"Wamesema watanitafutia kazi nyingine." Akakaza nati. "Wamesema."

Mama Povu akampa kikombe cha maji kama kawaida yao, naye akanywa akiwa amesimama. Zamani alikuwa akikaa.

Haukupita muda, tangi la choo likaanza kuvuja taratibu, hata yeye hakulisikia. Simu ikaita.

"Mama, maji yanavuja hapo nyumbani. Naona huku. Angalia choo."

"Ni wewe mwanangu? Hujambo? Unakula vizuri?"

"Sijambo, mama. Choo."

"Nitaangalia. Hebu sikia kwanza. Kitendawili."

"Niko kwenye kikao, mama." Simu ikakatwa.

Alitoka uani anang'aa. Shoga yake wa nyumba ya pili, fundi cherehani, alimwona na kusimamisha mashine. "Leo umesuguliwa kama sufuria jipya. Kuna nini?"

"Mwanangu kapiga simu."

"Kasemaje?"

"Choo kinavuja."

Fundi cherehani akauma uzi kwa meno.

Choo kikatengenezwa, na simu nayo ikanyamaza. Mama Povu alikaa na ukimya ule akiugeuza geuza, mpaka asubuhi moja akashusha mapazia yote akayafua. Jioni simu ikaita. Mwanawe alitaka kujua kama karudia biashara ya kufua, maana alishamkataza. "Ni mapazia tu, baba," akajibu, na akafanikiwa kumuuliza kama huko kuna baridi. Kulikuwa na baridi. Habari ile aliibeba kama zawadi.

Baada ya hapo vitu safi vikaanza kufuliwa juu ya usafi wao. Mashuka ambayo hayajalaliwa, taulo ambayo haijagusa mwili. Simu zikaja, fupi na kavu, lakini zikaja. Mwisho nguo zikamwishia. Akafungua bomba la uani, akaacha maji yaende mtaroni, yeye kayapa mgongo. Mtu aliyewahi kusuuza mashuka ya kitanda kizima kwa ndoo moja hawezi kuyatazama maji yakimwagika bure.

"Mama, una nini lakini?" mwanawe akauliza.

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mdomoni. "Sina kitu, mwanangu. Nilisahau bomba."

"Usijali. Nimeshapata dawa yake."

Kesho yake, mikono ikiwa na povu hadi viwikoni, bomba likakohoa likakauka. Mama Povu akaenda hivyo hivyo, anadondosha povu njia nzima, mpaka kwa fundi cherehani. Huyo akampigia Msoma Mita, mteja wake wa suruali.

"Hajakatiwa," Msoma Mita alisema, sauti imewekwa wazi wote wasikie. "Kawekewa kiwango. Kikifika, mita inajifunga, asubuhi inajifungua."

"Kiwango kaweka nani?" fundi cherehani akauliza.

"Mwenye akaunti."

Mama Povu akatazama povu likipasuka mkononi mwake. Hakulia. Alisema tu, "Ningekuwa mgonjwa, hiyo mita ingemwambia?"

"Mita inajua maji tu, mama."

Alirudi nyumbani na wazo jipya. Kama maji mengi hayamwiti tena, basi yasiwepo kabisa. Nyumba isiyogusa hata tone ni nyumba ya maiti, na mtoto gani atakayeona hivyo asiinue simu? Akafunga koki kuu kwa mkono wake. Maji ya kunywa na kuoga akachota kwa shoga yake, na simu akaiweka kifuani, ndani ya kanga.

Alingoja. Siku zikapita, simu baridi. Mpaka ikatetemeka mara moja tu. Ujumbe. Herufi zilikuwa ndogo, akampelekea fundi cherehani amsomee.

Fundi cherehani aliusoma kimya kimya kwanza, kisha akatamani asingekuwa ameushika. "Anasema, 'Hongera mama. Wiki hii hujatumia maji kabisa. Endelea hivyo hivyo.'"

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama Povu akavuta kigoda, akakaa.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Anayaona maji yangu, mimi hanioni."

Fundi cherehani alilijua jibu. Lakini alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. "Nimeshindwa, shoga yangu. Nikupe mji gani?"

"Mji sitaki," alisema Mama Povu. "Nilishapewa mmoja, ukanilia mtoto."