Paa la Kanisa Uani kwa Mganga

Upepo ule ulivuma Jumamosi alasiri, kwaya ikiwa mazoezini. Nyanjige, kiongozi wa sauti ya pili, alisikia mabati yakilia juu yao, na kabla hajafunga kinywa, mwanga ukaingia kanisani kutoka juu. Waimbaji walijitupa chini ya mabenchi. Walipoinua vichwa, kanisa lao pale Ipililo halikuwa na paa.

Kesho yake Mchungaji Keneth alihubiri juani, kisha akaunda kamati ya maafa na kumpa Bujiku uenyekiti. Kamati ilianza kazi siku hiyohiyo: ikaamua rangi ya fulana zake.

Paa lilipoangukia kila mtu alipajua. Lilikuwa limevuka mashamba ya pamba na kutua, pamoja na mbao zake zote, uani kwa Mboje, mganga wa kienyeji ambaye mchungaji alikuwa akimtaja kwa jina kila alipohubiri juu ya giza.

"Tukiyarudisha mabati yale tutarudisha na majini," Bujiku alionya kwenye kikao.

"Kwa hiyo tufanyeje?" akauliza Nyanjige.

"Tuombe mengine."

Wakaomba. Wageni wa shirika moja walifika na gari kutoka Bariadi, wakapiga picha kuta, wakawasihi waumini wasicheke kwenye picha. Walipoondoka waliacha bango refu la plastiki lenye maandishi TUKO PAMOJA NANYI. Kamati ililitundika juu ya mimbari. Tangu hapo mchungaji alihubiri kivulini, na waumini wakasikiliza juani.

Watu walitaniana juu ya bango hilo, lakini Nyanjige hakucheka. Mboje alikuwa kaka yake, tumbo moja. Tangu abatizwe alikuwa ameambiwa asikanyage kwake, naye akatii. Hata walipomzika mama yao, kila mmoja alilia upande wake wa kaburi.

Jumapili moja mvua ikawakuta katikati ya ibada. Mchungaji aliendelea kuomba chini ya bango. Jenipha alijikunja juu ya mtoto wake mchanga, maji yakimtiririka mgongoni, na mtoto akaanza kutetemeka. Nyanjige aliwatazama, akavua kanga yake, akawafunika. Kisha akatoka, akakatiza mashambani moja kwa moja hadi kwa kaka yake.

"Mwangaluka, kaka," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mboje alimtazama kama mtu anayeogopa kuitikia asije akaharibu kitu. "Mwangaluka, mdogo wangu. Umepotea njia?"

"Nimefuata mabati."

Yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya zizi, misumari imeng'olewa na kunyooshwa.

"Mbona hukuyaleta?"

"Niyapitishe mlango gani? Mchungaji wenu alisema nikisogelea kanisa nitawaka moto. Nikaona nisiunguze na mabati ya watu."

Nyanjige alicheka. Kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akakaa chini palepale kwenye tope. Mboje alimletea maziwa kwenye kibuyu, akaketi karibu naye, na Nyanjige akanywa mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata Mboje alifunga maksai, akapakia mabati kwenye mkokoteni. Bujiku alimsubiri nje ya kanisa, fulana mpya kifuani, mkono juu.

"Simama hapohapo! Lazima yaombewe kwanza."

Mchungaji akaombea bati mojamoja. Alipofika kwenye mbao sauti ilikuwa imemkauka, akaziombea zote kwa pamoja. Fundi alikataa kupanda, akasema ana watoto. Basi Mboje mwenyewe alipanda na nyundo, Nyanjige akawa anamrushia misumari, na kamati ikasimamia kutoka kivulini.

Paa lilipokamilika jioni, waumini wakakusanyika ndani pamoja na wageni rasmi walioalikwa na kamati, na mchungaji akapaza sauti: "Wapendwa, malaika wa Bwana wamerudisha paa letu!"

Nyanjige akasimama. Sauti ilimtoka ileile ya kwaya.

"Mchungaji, malaika huyo anaitwa Mboje. Ni kaka yangu. Yuko nje anawanywesha ng'ombe maji, na tangu asubuhi hakuna aliyempa hata kikombe cha chai."

Bujiku alikohoa. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga.

"Bwana," alisema mwishowe, "hutumia hata punda."

Huko nje Mboje aliangua kicheko kikubwa. Jenipha alikuwa wa kwanza kuinuka, mtoto mgongoni. Akina mama wengine wakamfuata na sufuria za wali na nyama walizokuwa wamewapikia wageni rasmi, wakamkaribisha Mboje ale nao kando ya mkokoteni. Nyanjige aliketi ubavuni kwake. Ndani wanaume walivumilia hotuba ya mwenyekiti mpaka harufu ya nyama ilipowafikia, wakatoka, na mchungaji nyuma yao.

Mahubiri juu ya giza hayakukoma. Ila mganga anayetajwa siku hizi ni wa Mwanhuzi, ambako hakuna muumini hata mmoja mwenye ndugu.