Waya Uliodhaniwa Takataka

Mama Dekio alisimamia usafi wa hospitali mpaka alipostaafu, na jina hilo alipewa na wafagiaji aliowaendesha mchakamchaka. Mtu kama huyo ukimkaribisha kwako, usimwonyeshe vumbi. Mwanawe alimkaribisha kisha akenda zake kazini. Chumba cha nyuma kilifungwa, ufunguo ukawekwa juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo kila msafishaji duniani hupapasa kwanza.

Chumba kilikuwa cha mkamwana wake, mwoka mikate. Wengine wakipumzika hufuma vitambaa. Yeye aliminya makopo ya soda kwa umeme, bila kuyagusa.

"Kopo si unalikanyaga tu?" Mama Dekio aliwahi kumuuliza mwanawe.

Mlangoni palibandikwa karatasi: USIGUSE. Mama Dekio alijua karatasi za namna hiyo huandikiwa watoto na wageni, naye hakuwa mmoja wao.

Basi jana alipangusa meza yote. Juu ya safu ya kapasita, yale madude mazito yanayoweka umeme, alikuta waya umefungwa kutoka nati hii hadi ile, hauendi popote. Takataka! Akaufungua, akautupa ndooni. Leo alirudi na kitambaa kilicholowa, azing'arishe nati zenyewe.

"Mama, njoo unipokee."

Mkono wake ulibaki shubiri moja tu kufika. Masikio hayakuamini. Mkwe gani humtuma mama mkwe? Na sauti yenyewe haikuwa na haraka wala woga, kama ya mtu aliyejilaza kitandani. Akageuka. Mkamwana alisimama mlangoni na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na mkate mmoja.

"Mimi nikupokee? Mkate mmoja umekuvunja mgongo?"

"Umenishinda, mama. Njoo."

Akakibwaga kitambaa, akaja mbiombio kumkanya. Alipovuka kizingiti tu, mkamwana akaweka kapu chini.

"Ule waya, mama, uko wapi?"

"Ndooni. Kwani wa dhahabu?"

"Madude haya yana kisirani. Unayamwaga umeme, unadhani umekwisha, kumbe mwingine umejificha ndani, unapanda tena polepole, hata kama hayajachomekwa ukutani. Waya ule ndio ulioyazuia."

Mama Dekio alikwenda akauleta.

Mkamwana alivaa miwani, akavua pete, akatia mkono wa kushoto mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Akapima.

"Volti mia na hamsini. Na kitambaa chako kimelowa."

Hakushika bisibisi akagonganisha nati cheche ziruke, kama wafanyavyo wenye haraka. Alitwaa fimbo ndefu kavu yenye ndoano, na waya wa ndoano hiyo ulipitia rizista nene kama mchi, ili umeme utoke kwa adabu. Akagusisha, akangoja. Akapima, akagusisha tena. Mita iliposoma sifuri hakuiamini. Akapima dude moja moja, kisha akaufunga waya mahali pake.

Mama Dekio alikuwa ameona madaktari wakinawa mikono kwa pupa. Mikono isiyoruka hatua eti kwa kuwa jana haikudhuru, hiyo aliitafuta kwa wafagiaji miaka nenda rudi. Kumbe ilikuwa hapa, kwa mkwe aliyemdhania anacheza.

"Mbona hukupiga kelele?"

"Ungeshtuka, mama, ungeshika. Nikatafuta neno la kukukasirisha, uje mwenyewe."

"Ulilipata, mjeuri wewe!" alisema, kicheko na machozi vikigombea uso wake.

Mwanawe aliporudi alipapasa juu ya fremu, akaambulia vumbi tu mkononi.

"Mama, ufunguo uko wapi?"

"Anao mwenye chumba. Nawe ukimwona mkeo mlangoni na kapu, mpokee kabla hajakuita."