Meneja Alipogoma Kupanda

Je, umewahi kuona baba na binti yake wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja, na kila neno la maana linapitia kwa mbwa? Basi fundi saa na bintiye walikuwa hivyo, mwaka wa pili sasa. Walinuniana baada ya msiba, pale fundi alipoigawa cherehani ya marehemu mkewe bila kumuuliza binti. Alipotaka kuomba radhi mdomo ukawa mzito, akamwambia mbwa, "Meneja, mwambie dada yako nimekosa." Binti akamjibu Meneja kuwa yamekwisha. Yakaisha kweli, ila njia ikabaki ile ile. Mazoea yana taabu.

Sasa binti, muuguzi, alikuwa amehamishiwa hospitali ya mbali, na basi lake ni Jumatatu. Jumamosi akamwambia Meneja kwamba kesho wapande mlima, wote watatu. Fundi alijua kuna jambo. Karatasi za nyumba mpya ya huko binti aendako alikwisha kuziona mezani, vyumba viwili. Alichotaka ni kuambiwa twende. Kujialika mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, hapana.

Walianza umande ukiwa bado kwenye majani. Kwenye mwinuko wa kwanza binti akamuuliza Meneja kama wazee wanaweza kuzoea mji mgeni. Fundi akamwambia Meneja kwamba wazee huzoea popote wanapotakiwa. Penye daraja la magogo binti akamwambia Meneja kwamba nyumba yenyewe ina ngazi nyingi. Fundi akamuuliza Meneja, kwani huu wanaopanda ni uwanda? Meneja alisikiliza pande zote mbili, ulimi nje, hakupeleka lolote.

Saa tano wakafika kwenye mawe. Meneja akayatazama mawe, akawatazama wao, akajilaza chini ya kichaka. Wakambembeleza, wakamvuta kamba, wakamwonyesha mfupa. Mfupa akaula, akafumba macho. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amefunga ofisi.

Wakamwachia maji kwenye mfuniko wa sufuria, wakaendelea wenyewe. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Binti alisema, "Meneja, mwambie..." akageuka, hakuna wa kuambiwa. Akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Fundi naye akakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Kileleni wakakaa juu ya jiwe moja, kila mtu na kiazi chake cha kuchemsha. Binti alikimenya chake mpaka kikabaki kama gololi, macho yake chini, midomo ikichezacheza bila sauti. Fundi akaona kwamba mtoto huyu anaogopa kukataliwa, na kwamba kesho saa kumi na mbili basi linaondoka. Na mtu aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini hawezi kusema hakujua muda umekwisha.

"Mwanangu," akasema, akimtazama yeye usoni, "nataka kuhama na wewe."