Kondomu za Konokono

Wifi yangu anauza kwenye duka la dawa lililo jirani na kazini kwangu, na mdomo wake hauna kufuli. Kila Jumatatu nanunua kwake pakiti nne za kondomu. Kila Jumatatu namwambia ni za konokono. Mwezi uliopita akachoka kucheka, akaenda kuyabwaga yote kwa mama yake.

Mama mkwe hakubisha hodi.

"Miaka mitano nasubiri mjukuu," alisema, mkoba ungali begani, "kumbe unamziba mwanangu kwa mpira. Kama kweli unazitumia na mwanangu. Jumapili naitisha kikao, urudishwe kwenu."

Mume wangu, jabali langu, ghafla akakumbuka kuna taa ya chooni ya kubadilisha.

Nampenda hivyo hivyo alivyo. Sikuwa tayari kuachika kwa ajili ya konokono. Kesho yake nikamchukua mama mkwe hadi maabara ninakofanya kazi.

Konokono wetu wa baharini anakaa kwenye tangi peke yake. Gamba lake lina madoa ya kupendeza, utadhani kikombe cha wageni, ila ana jino kama sindano na sumu ya kumzika mtu mzima. Hulitumia kuwindia samaki. Sisi tunaitaka sumu hiyo tuitumie kutafuta dawa ya maumivu.

Nikaivalisha chupa kondomu mdomoni, nikaipaka ute wa samaki, nikaishusha majini kwa koleo. Mama mkwe akakunja mikono.

"Hata haya huna."

Na konokono naye siku hiyo akaamua kuringa. Nikambembeleza kimoyomoyo, nikamtukana, nikambembeleza tena. Baada ya dakika kumi akatoa mrija wenye lile jino, akaupapasa ule mpira, akachoma. Tone la sumu likaingia chupani.

"Makubwa," mama mkwe akasema, akavuta kiti. "Sasa za nyumbani unanunua wapi?"

"Nyumbani hatutumii, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Nilikuwa nimeshinda kesi, na nikatamani ningeshindwa, maana anayezuia mimba kwa mpira dawa yake ni kuuvua tu. Sisi hatukuwa na cha kuvua. Nikalia pale pale, koleo mkononi.

Mama mkwe akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Jumapili hakuna kikao," akasema. "Jumatatu omba ruhusa. Tunakwenda hospitali wote watatu, na wa kupimwa kwanza ni yule fundi taa."